Kyubu Tatu Ambazo Hazikuwa Zetu

Alasiri ya Ijumaa moja, katika maabara ya kupima vifaa vya ujenzi mjini Thika, nilivunja kyubu tatu za mteja mwingine na kuziandika kuwa za mume wangu. Nilikuwa nimefanya kazi hapo miaka tisa. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kubadilisha hata nukta moja kwenye kitabu cha matokeo, na wateja walikuwa wamejaribu. Wengine walikuja na soda, wengine na maneno matamu, mmoja alikuja na kuku. Niliwarudisha wote.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Kabla ya slabu ya jengo, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, kumwagwa, fundi huchanganya konkriti atakayoitumia na kuijaza kwenye visanduku vya chuma. Ikishashika, hutolewa ikiwa kama tofali lenye pande zote sawa. Hiyo ndiyo kyubu. Tunaitumbukiza kwenye tangi la maji, nyingine siku saba, nyingine siku ishirini na nane, kisha tunaiweka chini ya mashine inayoibana mpaka ipasuke. Mashine hutoa kikaratasi chenye nguvu iliyofikiwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika alama juu ya kila kyubu, kuitunza majini, kuivunja, na kukibandika kile kikaratasi kitabuni ili Injinia aweke sahihi.

Mume wangu alikuwa fundi wa mawe. Tuliishi Gitothua, upande wa Ruiru, na mabinti zetu wawili. Miaka minne kabla ya Ijumaa hiyo, alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao katika mjengo mmoja huko Mwiki. Hakuvunjika mguu wala mkono. Aliumia mgongo, na daktari akamwambia asibebe tena kitu kizito. Alikaa nyumbani miezi mingi. Nilimwacha asubuhi amekaa kwenye stuli ya plastiki mlangoni, nikarudi jioni nikamkuta palepale, ila jua limehama.

Palepale mlangoni ndipo alipopata wazo lake. Mvua ilipokuwa ikinyesha, mtaro wa mbele ya ploti yetu ulijaa chupa, mitungi ya mafuta ya kupikia, vikopo vya sabuni, na maji yakapanda mpaka vizingitini. Alikuwa ameona kwenye simu watu wakisaga plastiki na kuitia kwenye konkriti badala ya sehemu ya mchanga. Aliniuliza kama inawezekana. Nikamwambia inawezekana, ikiwa kidogo.

"Kidogo kiasi gani?"

"Hiyo ni kazi ya kyubu kusema, si yangu."

Alikodi kipande cha ploti huko Mugutha, akapata mashine kuukuu ya kukatia majani ya ng'ombe, akaibadilisha meno. Akaanza kusaga. Mimi nilipotoka kazini Jumamosi nilipitia kwake, nikamkuta amepinda juu ya pipa la maji, anaosha vipande vya rangi kama vya shanga, nyekundu, buluu, njano. Alikuwa akipiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu aanguke.

Kyubu zake za kwanza nilizivunja mwenyewe. Alikuwa ametia plastiki kidogo, kama konzi mbili kwa karai la mchanga. Zilipita. Si kwa mbali sana, lakini zilipita, na Injinia, ambaye ni mzee mwenye maneno machache, alivigeuza vipande vyake mkononi akasema, "Mwambie mzee wako asiongeze." Nilipofika nyumbani na habari hiyo, mume wangu alisimama katikati ya chumba hajui aweke wapi mikono. Kisha akatoka akaenda kununua nyama.

Kazi ilikuja kutoka karibu. Nyuma ya msikiti mdogo wa mtaani kwetu palikuwa na madrasa ya chumba kimoja, na watoto walikuwa wamekuwa wengi hata wengine wakasomea nje kwenye baridi ya Julai. Kamati ya madrasa ilitaka kujenga chumba juu ya kile cha chini. Mwenyekiti alikuwa mama mjane aliyeuza mitumba karibu na stesheni ya Ruiru, na watu wote, Waislamu na sisi Wakristo, tulimwita Mama Mwenyekiti. Alikuja Mugutha kuona mashine. Akaguswa na jambo moja tu, kwamba takataka za mtaa zingeweza kuwa sakafu ya watoto. Akasema watoto wenyewe watakusanya chupa.

Wakakusanya kweli. Kila alasiri ungewaona na magunia, wengine wadogo kuliko magunia yenyewe, wanavuta chupa kutoka mitaroni. Mabinti zangu walikuwemo. Magunia yalirundikana kwenye ploti ya Mugutha mpaka yakapita kimo cha mashine.

Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa sikuyaona wakati huo. Plastiki ilikuwa nyingi, mchanga ulikuwa unatafutwa kwa shida, na watoto walikuwa wanaleta zaidi. Mume wangu aliongeza plastiki kwenye mchanganyiko. Hakuniambia. Na kwa kuwa mgongo ulikuwa unamsumbua, aliacha kuosha mara mbili, akaosha mara moja, na mitungi ile ya mafuta na sabuni haitakati kwa mara moja.

Alipoleta kyubu za slabu yenyewe, nilizibeba hadi kwenye tangi nikahisi wepesi wake. Niliziandika alama, nikazitumbukiza. Za siku saba zilipovunjika mapema, nilimpigia simu.

"Hizi ni dhaifu."

"Ni siku saba tu. Zitakomaa."

"Umeongeza plastiki?"

"Kidogo."

Siku ishirini na moja zilizobaki nilikuwa napita kando ya lile tangi kila asubuhi. Kyubu tatu zilikuwa zimelala chini ya maji na mwandiko wangu juu yake. Niliingiza mkono mara moja nikaigusa moja, kama mtu anayeangalia homa ya mtoto. Sijui nilitarajia nini. Nyumbani mume wangu alikuwa tayari amepanga siku ya kumwaga, Jumamosi, kwa sababu miksa ya kuchanganyia konkriti ilikuwa imekodiwa na mbao za kushikilia slabu zilikuwa zimesimama, na kamati ilisubiri tu karatasi kutoka kwetu yenye sahihi ya Injinia.

Ijumaa ilipofika Injinia alikuwa ameenda kuangalia barabara fulani upande wa Gatanga. Nilikuwa peke yangu. Niliweka kyubu ya kwanza chini ya mashine. Konkriti nzuri hupasuka kwa kishindo na unashtuka hata kama umeizoea. Ile haikutoa kishindo. Ililegea tu, pembe zikamong'onyoka, namba ikasimama mbali sana na ilipopaswa kufika. Ya pili ikawa hivyo. Ya tatu ikawa mbaya zaidi.

Niliokota kipande nikakichunguza. Vipande vya plastiki vilikuwa vimekaa ndani ya simiti bila kushikana nayo. Nilikichomoa kimoja kwa kucha, kikatoka kisafi, kikaacha shimo laini. Nikanusa. Kilikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia.

Nilimpigia mume wangu. Alikuwa Thika tayari, amekuja kuchukua karatasi. Nilimkuta kwenye geti, amevaa shati lake la kanisani.

"Zimeanguka," nikasema. "Zote tatu."

Aliangalia chini, akaangalia barabara, akaniangalia.

"Kwa kiasi gani?"

Nikamwambia. Yeye ni fundi, hakuhitaji maelezo.

"Hakuna mtu atakaa pale juu isipokuwa watoto," akasema. "Watoto si wazito."

"Usiseme hivyo."

"Mama watoto, sikiza. Mimi sina kitu kingine. Mawe siwezi. Kuchimba siwezi. Hii ikianguka, nitarudi kwa ile stuli, na mimi siwezi kurudi kwa ile stuli. Nakwambia ukweli, siwezi."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningemjibu. Aliongea taratibu, kama mtu anayemweleza mwenzake njia ya kwenda mahali, na nilielewa alichokuwa akiniambia. Nilikuwa nimemwona kwenye ile stuli. Siku moja wakati ule nilirudi nikakuta kamba ya kuanikia nguo imefunguliwa na kukunjwa vizuri chini ya kitanda upande wake. Sikumuuliza. Niliitoa nikaitupa chooni, na tangu siku hiyo hatukuwahi kuizungumzia.

"Nisubiri hapa," nikamwambia.

Kulikuwa na kyubu za ziada tangini. Wateja wakubwa huleta nyingi kuliko zinazohitajika, na zinazobaki hukaa mpaka mtu akumbuke kuzitupa. Nilitoa tatu. Nikasugua alama zake kwa brashi ya waya, nikazikausha kwa gunia, nikaandika alama za madrasa. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo nikilikumbuka, kwamba mkono wangu ulikuwa umetulia. Nikaziweka chini ya mashine moja baada ya nyingine. Zilipasuka kwa kishindo. Vikaratasi vikatoka, nikavibandika kitabuni badala ya vile vya kwanza.

Kisha nikazoa mabaki ya hizo za mteja mwingine nikayatupa nyuma, nikaacha kwenye trei vipande vya zile za plastiki ili Injinia avione. Injinia aliporudi aliokota kimoja, akasoma vikaratasi, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Na kweli zimefika," akasema. "Sikutarajia."

Akatia sahihi. Alikuwa mtu wa kukagua kila kitu mara mbili, lakini kazi yangu hakuikagua. Ndivyo alivyoniamini.

Jumamosi nilikuwa na ruhusa. Nilijiambia nitabaki nyumbani nifue. Nilifua shuka moja, nikaiacha kwenye beseni, nikaenda madrasa.

Miksa ilikuwa inanguruma mtaa mzima. Vijana wa mjengo walipandisha konkriti kwa karai, wakipokezana juu ya ngazi ya mbao, na mume wangu alikuwa juu, mkono mmoja kiunoni, anaelekeza. Kina mama wa kamati walikuwa wamewasha moto pembeni, wanapika pilau ya mafundi. Mama Mwenyekiti aliniona akaja kunishika mkono.

"Karibu, mama. Njoo uone."

Aliniingiza kwenye chumba cha chini, kile ambacho slabu ingekuwa dari yake. Kulikuwa na msitu wa nguzo za mbao zinazoshikilia uzito wa juu. Akanionyesha kwa mkono.

"Hapa chini tutabakisha wale wadogo, wa miaka minne, mitano. Hawawezi kupanda ngazi. Wakubwa ndio watasomea juu." Akagonga nguzo moja kwa kiganja. "Mimi nilikuwa na wasiwasi, sikufichi. Plastiki ni plastiki. Lakini nikasema, huyu mama ni jirani yetu, watoto wake wanacheza na wetu. Kama yeye ndiye amepima, basi."

Juu ya vichwa vyetu tulisikia konkriti ikimwagwa, kishindo kizito, kisha makoleo yakiisawazisha. Vumbi lilishuka kutoka kwenye mbao likamwangukia kwenye mtandio. Alilipangusa bila kulijali.

"Mama Mwenyekiti," nikasema. "Waambie wasimame."

"Nini?"

"Waambie wasimame. Kyubu zilizopita si za konkriti hii. Za konkriti hii zilianguka. Mimi ndiye niliyebadilisha."

Nilidhani hakunisikia kwa sababu ya miksa. Alikuwa amenisikia. Akaketi juu ya mfuko wa simiti, akaweka mikono yake magotini.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Hakunitukana. Aliinuka akatoka nje, akamwambia mwendeshaji azime mashine, na mtaa ukanyamaza ghafla. Mume wangu aliinama kutoka juu kuuliza kuna nini. Akaniona nimesimama kando ya Mama Mwenyekiti. Hakuuliza tena.

Konkriti iliyokwisha kumwagwa ilikuwa kama robo ya slabu, na ilibidi itolewe kabla haijashika. Vijana walisimama wakiangaliana, hawajui ni nani wa kumtii. Mume wangu alichukua koleo akaanza kuichota mwenyewe. Alikuwa anainama na kuinuka, anainama na kuinuka, na mimi najua mgongo ule ulikuwa unamfanya nini. Nilipanda ngazi, nikachukua koleo lingine nikachota kando yake. Hakuniangalia. Vipande vya rangi vilikuwa vinang'aa ndani ya ule uji wa kijivu. Tulichota mpaka vyuma vya slabu vikabaki wazi, na kina mama chini walikuwa wamezima moto, pilau haijaiva.

Jumatatu nilienda kazini mapema nikamsubiri Injinia. Nikamweleza yote. Alifungua kitabu, akatazama sahihi yake kwa muda mrefu.

"Huu ni mkono wangu," akasema.

"Najua, mzee."

"Ingeanguka, wangekuja kwangu. Na mimi ningewaambia niliona kwa macho yangu."

Akaniambia niache funguo. Nilipofika mlangoni akasema, bila kuinua uso, "Ulifanya vizuri kusema." Lakini hakuniita nirudi, na mimi nisingemwita mtu kama mimi arudi.

Siku ya tatu mume wangu alifunga begi akaenda kwa mama yake, Kandara. Nilimwambia mama mkwe kwa simu, nikitafuta maneno, amwangalie sana. Nikamwambia kuhusu kamba. Akasema kwamba atalala naye chumba kimoja, kama alipokuwa mdogo. Wiki zile sikumbuki nilipika nini. Nakumbuka kila simu ilipolia nilisimama kwanza kabla ya kuipokea. Nakumbuka kifungua mimba wetu akiniuliza kama watoto wa madrasa bado ni marafiki zao, na sikujua. Nilifua nguo za watu. Njiani Gitothua wengine walinisalimu na wengine waligeukia upande wa pili, na nilipendelea wale waliogeuka.

Baada ya miezi miwili hivi, Mama Mwenyekiti alibisha mlango. Nilimwekea kiti. Hakukaa.

"Yale magunia ya chupa," akasema. "Mwenye ploti ya Mugutha ameniletea maneno, kwa sababu watoto wetu ndio waliyapeleka. Yananuka, yameingia panya. Yaondolewe."

"Nitayaondoa."

"Utayapeleka wapi? Mtaroni?"

Nikakirudisha kiti mahali pake.

"Slabu tumemwaga," akaendelea. "Fundi mwingine, mchanga na mawe. Imekaa sawa." Akashika mlango kama anayetoka, kisha akasimama. "Pale uani kuna matope, watoto wanaanguka wakienda msalani. Vitu vya kukanyaga tu, havibebi kitu. Hiyo plastiki yenu inaweza?"

"Ikioshwa vizuri. Na ikiwa kidogo."

"Sitaki karatasi ya maabara," akasema. "Nitavipiga nyundo mwenyewe."

Nilimpigia mume wangu nikamweleza. Nikasikia kuku wa mama yake. Kisha akasema, "Osha wewe. Mimi nikikuosha sitaosha vizuri." Alikuwa amekosea maneno, alitaka kusema nikiosha, na nilicheka, na yeye hakucheka, lakini alirudi Jumapili.

Nikaosha. Mara tatu, maji ya moto na majivu, mpaka mikono ikachubuka. Yeye alipima kwa konzi, mbili kwa karai, bila kuongeza. Tuliunda vigae vya kukanyagia na kuvipanga kutoka darasani hadi msalani. Mama Mwenyekiti alikuja kweli na nyundo. Akapiga kila kimoja. Viwili vilipasuka, akaviweka kando bila kusema kitu, na mume wangu akaunda vingine viwili.

Hiyo ndiyo kazi yote tuliyoipata kutokana na plastiki mwaka huo, njia ya watoto kwenda msalani. Mwaka uliofuata tulipata mbili nyingine ndogo. Haitoshi kuishi. Ninaendelea kufua, na yeye siku nyingine huamka, siku nyingine haamki, na siku asizoamka siendi mbali.

Tuliwahi kuzungumza juu ya Ijumaa ile mara moja tu, tukiwa Mugutha tunaosha chupa. Akasema, "Ungekataa pale kwenye geti."

"Najua."

"Mimi ndiye nilikuomba, na bado nakukasirikia kwa sababu hukukataa. Halafu nakukasirikia kwa sababu ulisema. Sijui nataka ungefanya nini."

"Hata mimi sijui," nikamwambia, nikampitishia beseni.

Mwezi uliopita mwenye ploti alipata mnunuzi. Watajenga nyumba za kupangisha, kama ploti zote za upande ule, na tayari vigingi vimepigwa kando ya mashine yetu. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi huu kuhama. Tumezunguka Mugutha na Mwiki tukitafuta mahali, na kila mtu akisikia ni plastiki anasema harufu. Mume wangu amefungua meno ya mashine na kuyafunga kwenye gunia. Magunia kumi na mawili ya chupa bado yako pale, na asubuhi hii ameniuliza kama tuyaoshe kwanza au tuyahamishe yakiwa machafu, na nimemwambia tuyaoshe.